Uchochoro Ambao Ramani Hakuupita

Basi la chuo lilikuwa halijasimama sawasawa, na tayari mmoja wao alikwisha kuziba pua.

Ramani alimwona kupitia dirishani: kijana mwenye miwani, amejibana pua kwa vidole viwili kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Akasonya. Mferejini kwenyewe hata hawajafika. Pale walipoegesha palinuka moshi wa basi lao tu.

Waliteremka mmoja mmoja, wakiikanyaga ardhi kwa tahadhari kana kwamba ingewang'ata. Viatu vyao vya mpira vilikuwa vipya, vingine bado vina kibandiko cha dukani kisiginoni. Ubao wa kuandikia kifuani, kitambulisho shingoni, chupa ya maji kiunoni. Jeshi kamili, limekuja kupigana na harufu.

"Karibuni, karibuni sana," Ramani aliwaambia kwa ile sauti yake ya wageni, sauti laini ambayo majirani zake hawakuwahi kuisikia ikielekezwa kwao. "Jisikieni mko nyumbani."

Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahauliwa. Zamani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi kilichokaa juu ya mtaa, akikwangua manyoya ya ng'ombe mpaka kucha zake zikageuka rangi. Kiwanda kikanunua mashine ya kukwangua, yeye na wenzake wakapepetwa nje kama makapi. Alikuwa amesimama barabarani hajui aelekee wapi, akaja mtu mwenye kamera akamwuliza njia ya kwenda mferejini. Akamwonyesha. Yule akamtuma mwenzake, mwenzake akamtuma mwingine, na Ramani akagundua kwamba hata uchafu ni mgodi, mradi uwe na mlango na bawabu. Yeye akawa bawabu.

Aliwadharau wote, bila upendeleo. Watafiti wa afya walitaka kikohozi, akawapa kikohozi. Wa hali ya hewa walitaka mafuriko. Akawapeleka kwenye ukuta wenye alama ya maji, na ukuta ulipopakwa chokaa akaichora alama upya kwa matope. Wa mambo ya wanawake walitaka akina mama wenye ndoo, basi akapita mapema kuwaomba akina mama wabebe ndoo. Mtaa mzima ulikuwa umehitimu. Kulikuwa na kibibi mmoja asiyejua hata kuandika jina lake, lakini alijua kusema "athari za muda mrefu" na kukohoa mahali panapostahili.

Wa mwisho kabisa kuteremka, kama kawaida yake, alikuwa Dokta. Ndiye mwalimu wao wa somo la Siasa na Sera za Mazingira. Kila mwaka alileta darasa jipya kwenye mfereji uleule, na kila mwaka alivaa kofia ileile pana na kusema maneno yaleyale.

"Vijana!" Dokta alipaza sauti, mikono ameitandaza. "Darasa letu leo..."

"...halina kuta," Ramani alimalizia chini kwa chini.

"Halina kuta!" Dokta alisema, na kalamu zikaanza kukimbia juu ya karatasi.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja alipojitenga na wenzake, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Ramani na kuinamisha kichwa. "Shikamoo, Mjomba."

Alisema kwa sauti, wala hakujificha. Darasa zima likageuka. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, binti aliyekulia vyumba viwili nyuma ya mfereji huohuo na sasa alikuwa mwaka wa pili chuoni. Ramani alikuwa ametumaini kwamba atajifanya hamjui. Bawabu hapendi kuitwa mjomba mbele ya wateja.

"Marahaba, mama," alijibu, bila ile sauti laini.

Ziara ilikwenda kama zinavyokwenda ziara zote. Waliona bomba la kiwanda likitapika maji ya rangi ya chai iliyolala. Waliona mapovu. Kijana wa miwani alipiga picha mapovu mpaka simu yake ikazima. Kibibi alikohoa, akasema alichotakiwa kusema, na msichana mmoja akafuta machozi huku akiandika. Dokta alipanda juu ya jiwe, jiwe lake la kila mwaka, akauliza, "Sera ni nini?"

"Ni mwongozo wa utekelezaji," alijibu mmoja.

"Ni tamko la serikali kwa wadau," alijibu mwingine.

"Sera," Dokta alisema, akangoja kalamu zimfikie, "ni uamuzi kuhusu nani anuse na nani asinuse."

Wakaguna kwa kustaajabu. Ramani alitazama pembeni. Maneno yalikuwa mazuri, hilo hakulikataa. Lakini msemaji mwenyewe alikuwa akiishi upande wa asiyenusa.

"Dokta," mpwa wake akanyoosha mkono. "Na kule je? Mbona hatupiti kule?"

Alikuwa akionyesha uchochoro mwembamba kati ya kuta mbili za matofali, ambao juu yake ulining'inia moshi mwepesi wa buluu. Dokta akamtazama Ramani, kama abiria anavyomtazama dereva.

"Kule ni vyoo vya watu," Ramani alisema haraka.

Darasa likacheka, likasonga mbele. Mpwa hakucheka. Alimkazia mjomba wake macho mpaka akalazimika kujifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kule hakukuwa na choo. Kule waliishi wale waliofukuzwa pamoja naye kiwandani, na kazi waliyojitafutia ilikuwa kuvunja betri chakavu za magari, kutoa madini ya risasi yaliyomo ndani, kuyayeyusha kwenye makarai juu ya moto wa mkaa na kuyamimina kuwa vipande vya kuuza. Waliifanyia uani, baina ya kamba za nguo na mahali pa kuchezea watoto. Mkubwa wao kwa ujuzi aliitwa Risasi, kwa ajili ya kazi hiyo. Ramani na Risasi walikuwa wamekwangua ngozi meza moja kwa miaka mingi, na siku ya kufukuzwa walitoka langoni wameshikana mikono kama watoto wa shule.

Jioni, nyumbani walikoishi pamoja, dada yake alikuwa kwenye cherehani, akishona mashati ya sare. Mpwa aliingia, akavua viatu, akaketi sakafuni kama alivyozoea tangu utotoni. Hakupoteza muda.

"Mjomba, kwa nini umesema ni vyoo?"

"Kwa sababu ni uchafu. Choo ni nini kama si uchafu?"

"Nimechukua udongo wa pale. Likizo iliyopita, uani kwa Risasi, pale mtoto wake anapochezea. Fundi wa maabara ya chuo amenipimia. Alinirudishia huku amevaa glavu. Aliniuliza kama kuna anayelala hapo."

Cherehani ikasimama.

"Yule mtoto hapendi kula," binti aliendelea. "Anashika tumbo mchana kutwa. Anayemtangulia kuzaliwa yuko shuleni mwaka wa tatu na hajui herufi zinavyofuatana. Watu wanasema wamerogwa. Hawajarogwa. Wanakula risasi kila wakilamba vidole. Nami nitaandika hivyo, na nitasema hivyo siku ya baraza."

Baraza lilikuwa ndilo mtihani wao. Wanafunzi walitakiwa kusimama katika ukumbi wa kata, mbele ya diwani na wakazi, waeleze walichokigundua na wapendekeze la kufanya. Ramani alikwisha kuhudhuria mengi. Diwani alisinzia, wanafunzi walipiga picha ya pamoja, kisha mfereji ukaendelea na shughuli zake.

"Unawakumbuka watia rangi nguo wa bondeni?" alimwuliza mpwa wake.

"Nilikuwa mdogo."

"Basi nikukumbushe. Waliandikwa kwenye ripoti moja nzuri, jalada la kijani. Ripoti ikapendekeza hatua za haraka. Tulikaa miaka hatujaona serikali ikifanya haraka, lakini siku ile ilifanya. Tingatinga lilifika watu hawajaamka. Mabeseni ya rangi yalipasuliwa na vitanda pamoja. Na wewe unataka niwapeleke hao wapiga picha kwa Risasi? Maskini akichafua mto anabomolewa. Tajiri akichafua anaalikwa kikao cha wadau."

"Kwa hiyo watoto wale sumu, mradi nyumba zisimame."

"Mradi wawe na mahali pa kulala!"

"Juu ya sumu." Binti alisimama. Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. "Kila mgeni akija unamwambia wewe ndiye mwenyeji wetu. Wewe si mwenyeji, Mjomba. Wewe ni pazia."

"Pazia ndilo linalowakinga jua nyinyi mlio ndani!"

"Na hewa je?" dada yake aliuliza, bila kuinua uso kutoka kwenye shati. Kisha akakanyaga cherehani, na mlio wake ukajaza chumba.

Siku iliyofuata Dokta alimwita chuoni. Hilo lilikuwa jambo geni. Kwa miaka yote hiyo Ramani hakuwahi kuona hata ngazi za ofisi yake. Kilikuwa chumba kidogo, kimejaa ripoti mpaka dirishani, na Ramani aliona kwa kuzitazama tu migongo kwamba nyingi hazikuwahi kufunguliwa. Dokta alimwondolea rundo moja kutoka kitini ili aketi.

"Bwana Ramani," alisema. Huo "Bwana" nao ulikuwa mgeni. "Binti yako..."

"Mpwa wangu."

"Mpwa wako ana kipaji. Lakini ana haraka. Ameniletea habari za udongo wa uchochoro fulani." Dokta alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Nisikilize. Nimekibana kiwanda kile kwa muda mrefu kuliko umri wa wanafunzi wangu. Mwaka huu kwa mara ya kwanza wamekubali kumtuma mtu wao barazani. Diwani anakuja. Sasa asimame mtoto aseme wanaotia sumu ni wakazi wenyewe? Wataponyoka, Bwana Ramani. Wataponyoka na kutucheka."

"Kwa hiyo anasema uongo?"

"Sisemi ni uongo. Nasema wakati wake haujafika. Tena watu hao ni wanyonge. Tuwalinde." Akainama mbele kama mtu anayenong'ona siri kwa mwenzake. "Zungumza naye. Wewe atakusikiliza. Mimi na wewe tunaelewana."

Ramani alishuka ngazi akiwa na ladha mbaya mdomoni. Yale yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamevishwa tai tu. Kumdharau mtu miaka nenda miaka rudi, kuiga sauti yake ili majirani wacheke, halafu kukuta mmelala mkeka mmoja na kujifunika shuka moja! Alitema mate kwenye bustani ya chuo, mlinzi akamkemea, naye akaona mlinzi ana haki.

Hakwenda kuzungumza na mpwa wake. Alikwenda kwa Risasi, kumwonya avifiche vyombo.

Alikuwa hajaukanyaga uchochoro ule kwa muda mrefu. Walikuwa wakikutana na Risasi barabarani, wakitaniana, wakiachana. Uani, karai lilikuwa limepoa, kando yake maganda meusi ya betri yamepangwa kama sahani. Risasi alimpa kiti chake cha pekee, yeye akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtoto wake wa mwisho, msichana aliyekuwa bado hajaanza shule, alikuwa amelala ubavu kwenye udongo, magoti kifuani, akichora mistari kwa kidole. Kila baada ya muda alikitia kidole mdomoni.

Ramani alijaribu kutomtazama. Alikuwa hodari wa kutotazama. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Mpwa wangu atakusemeni barazani," alisema. "Kuhusu udongo."

"Najua. Aliniomba ruhusa kabla ya kuuchukua."

Ramani akatoa macho. "Na ukamruhusu?"

"Ningemkatalia kwa nini? Unadhani sijui?" Risasi alinyoosha mikono yake, vidole vilikuwa vikitetemeka vyenyewe, kama vya mtu anayesikia baridi. "Kiwanda kilitutoa, nami nikakileta kiwanda nyumbani. Mke wangu ananiambia acha. Nikiacha, tule nini? Nikiendelea, wanakula hii." Akampapasa mtoto kichwani. "Kila mwaka nakuona ukipita pale mbele na watu wako. Madokta, wauguzi, wenye vipimo, wenye kamera. Nasimama hapa nyuma ya ukuta nawasikiliza. Hujaleta hata mmoja."

"Nilikuwa nawalinda! Umesahau watia rangi?"

"Sijasahau. Sikulaumu." Alisema hivyo kwa upole, na Ramani akaona afadhali angemtukana. "Baraza ni lini?"

Akamwambia.

Siku ya baraza, ukumbi wa kata ulipambwa kwa kitambaa kirefu chenye jina la chuo. Mtu wa kiwanda alikuwa wa kwanza kuketi, tai shingoni, uso umetulia kama sahani iliyooshwa. Diwani alifika amechelewa, kama inavyompasa mtu anayependa watu wainuke anapoingia. Ramani alipewa kiti mstari wa mbele pamoja na kibibi, kama mapambo ya jamii.

Makundi yalianza. "Washiriki walibainisha athari za muda mrefu," alisoma kijana wa miwani, na kibibi akatikisa kichwa kwa fahari ya mwalimu. Ramani alitambua kila sentensi. Ilikuwa kama kusomewa matapishi yako mwenyewe kwa Kiswahili sanifu. Diwani akaanza kufumba jicho moja. Mtu wa kiwanda aliandika, "kutakuwa na mazungumzo", akasema pia, "kutakuwa na mazungumzo", na watu wakapiga makofi.

Kisha mpwa wake akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Mimi nimekulia hapa," alisema. "Nilichukua udongo mahali ambapo watoto wanacheza, karibu na mahali ambapo wazazi wao wanayeyusha betri. Udongo una risasi nyingi mno. Si risasi ya bunduki, lakini nayo inaua, ila haina mlio. Watoto wanaumwa tumbo, wanapauka, wanasahau walichofundishwa jana. Wanaoyeyusha ni watu waliofukuzwa na kiwanda cha ngozi bila kufunzwa kazi nyingine yoyote. Napendekeza watoto wapimwe damu kwanza. Na hao mafundi wapewe mahali mbali na nyumba, na vifaa..."

"Muda," Dokta alisema, akigonga saa yake. "Muda wako umekwisha, binti. Ahsante sana. Kundi linalofuata..."

"Hebu ngoja, Dokta." Diwani alikuwa amefumbua macho yote mawili. "Hili ni jambo. Kumbe sumu inatoka kwa wananchi wenyewe? Ni uchochoro gani huo?"

Mtu wa kiwanda aliinua uso na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

Binti akasita. Ramani aliuona mtego ukimfunga miguu; alikuwa ameandaa kila kitu isipokuwa hilo. "Mheshimiwa, tumefundishwa kutowataja washiriki wa utafiti."

"Mimi si mwanafunzi wa Dokta," diwani alisema, na ukumbi ukaangua kicheko. "Watu wanatia sumu kwenye kata yangu, nisijue? Hatua lazima zichukuliwe, tena haraka." Akageuka. "Ramani! Wewe ndiye unayeujua mtaa huu kuliko sisi sote. Ni wapi?"

Macho yote yalimhamia. Ya Dokta yalimsihi. Ya mpwa wake yalimngoja. Ramani alisimama, akakunja kofia yake mikononi, na ile sauti laini ikamtoka yenyewe, kwa mazoea ya miaka.

"Mheshimiwa, uchochoro huo siujui. Labda binti amechanganya. Huko ni vyoo tu."

Alipokuwa anaketi alimwona mpwa wake akiinamisha kichwa, taratibu, kama mtu aliyewekewa mzigo.

"Anaujua." Sauti ilitoka nyuma kabisa, mlangoni. "Juzi alikuja, akaketi kwenye kiti changu."

Risasi alipita katikati ya viti akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, mtoto wake amelala begani. Hakumtazama Ramani. Alikwenda mpaka mbele ya meza ya diwani akasimama karibu mno, kiasi cha diwani kurudisha kiti nyuma.

"Ni kwangu, Mheshimiwa. Uchochoro wa matofali, mlango wa bati. Tupo wengine, lakini wao watajitaja wakitaka. Mimi ni huyu, na huyu ni mwanangu." Akamgeuza mtoto uso uwaelekee watu. Mtoto aliamka, akatazama ukumbi bila hamu. "Binti amesema wapimwe. Wewe umeuliza wapi. Sasa umejua. Watapimwa lini?"

Hakuna aliyekohoa, hata kibibi.

"Hilo..." diwani alianza. "Hilo ni suala la idara ya afya. Lina taratibu zake."

"Mimi nitangoja."

"Hapa?"

"Hapa."

Akangoja. Kila mtu alitafuta pa kuangalia. Hatimaye Dokta akainuka na kusema, kwa niaba ya chuo, kwamba itaundwa kamati. Makofi yalilipuka kama mvua ya neema. Aliyepiga kwa muda mrefu zaidi alikuwa mtu wa kiwanda.

Ramani alitoka kabla ya picha ya pamoja. Aliketi ukingoni mwa mfereji, akayatazama mapovu. Alijaribu kumdharau diwani, akashindwa kufika mbali. Akajaribu Dokta. Mwishowe dharau yote aliyokuwa ameisambaza mtaani, kwa wageni na wenyeji, ilirudi kwake kama ng'ombe wa jioni wanavyorudi zizini, na zizi lilikuwa dogo.

Aliposikia hatua hakugeuka. Mpwa wake alisimama nyuma yake. Alimtegemea amtukane, au alie. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mjomba," alisema, "koleo unajua kushika?"

Kamati haikukutana. Yule binti ndiye aliyekwenda zahanati kila siku, akakaa kwenye benchi la wagonjwa bila kuumwa, mpaka muuguzi mkuu akachoka kumwona, akabeba sanduku lake na kumfuata. Watoto wa uchochoro walipimwa wakiwa wamepangwa ukutani. Majibu yalipokuja, muuguzi hakuyasoma kwa sauti. Alisema tu kwamba wahame pale kwanza, wote wadogo, na udongo wa juu uondolewe, umwagiwe maji usije ukapeperuka.

Wiki hiyohiyo walikuja watu wawili wenye kopo la rangi. Hawakusalimia mtu. Walipaka alama ya X nyekundu kwenye kila ukuta wa uchochoro, mpaka kwenye mlango wa bati, wakaondoka. Hakuna aliyejua kama tingatinga litafika kesho au baada ya uchaguzi. Kiwanda kiliendelea kutapika chai yake. Dokta alimpa binti alama za kumvusha tu. Alimwandikia kwamba kazi yake ni nzuri, ila imetoka nje ya mada. Darasa jingine lilipokuja, lilipokewa na mwenyeji mpya, kijana mcheshi mwenye sauti laini kuliko ya Ramani.

Mke wa Risasi na watoto walihamia kwa dada yake Ramani, wakalala baina ya cherehani na ukuta. Ramani alitoa kitanda chake, akatandika kibarazani. Dada yake hakumsifu. Alimwekea mto.

Mchana walichimba, yeye na Risasi, kitambaa puani na maji yakitiririka kwenye koleo. Hawakuzungumza sana. Mara moja Ramani alisema, "Ndugu yangu, pale ukumbini..." na Risasi akasema, "Shikilia gunia vizuri, linafunguka." Wakaendelea. Udongo ulikuwa mzito kuliko udongo. Walijaza gunia, wakalifunga, wakaliegemeza ukutani chini ya alama nyekundu, wakaanza jingine, mpaka ukuta wote ukawa na magunia kama watu waliokaa kungoja kuitwa.

Walipomaliza walisimama, wamelowa jasho, wakayatazama.

"Tunayapeleka wapi?" Risasi aliuliza.

Ramani alifikiria dampo, akawakumbuka wanaookota vyuma kule. Akafikiria bondeni kwa watia rangi. Pale palikwisha kupandwa mboga. Mferejini hakupataja hata moyoni. Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono.

Yule mtoto wa Risasi alikuwa ametoroka tena kutoka kwa dada yake Ramani. Aliingia kwa mlango wa bati, akatembea polepole kando ya ukuta akigusa magunia moja moja, akachagua lililokuwa fupi, akapanda na kuketi. Risasi alimnyanyua akamweka chini. Mtoto hakulia. Alisogea hatua mbili, akaweka mikono juu ya gunia lililofuata, akaanza kulipanda.